Hii kwa Ile: Mbio Zetu za Meru na Embu

Kwa wengi wetu tulio Pwani, Meru na Embu ni nchi zinazotufikia zikiwa zimefungwa ndani ya gunia. Kutoka Meru huja miraa, kutoka Embu huja muguka, na mambo yakichacha, kama yalivyochacha Mei 2024 pale serikali za kaunti za Mombasa na Kilifi zilipopiga marufuku muguka, basi majina ya miji hiyo hayatoki midomoni mwetu ila kwa ugomvi. Mimi mwenyewe nilikuwa hivyo hivyo. Nimekaa barazani miaka na mikaka nikiwasema watu wa huko, na hali sikupata kulala hata usiku mmoja katika nchi yao.

Januari mwaka huu, wiki chache kabla ya Ramadhani, nilikwenda. Nilikwenda na mke wangu, si kwa biashara wala kwa harusi, bali kushindana. Tulishindana kuogelea, kupanda baiskeli na kukimbia, mimi na yeye pamoja na marafiki wachache, na mke wangu akanishinda. Najua msomaji atacheka, na acheke. Mtu wa miaka 57, mwenye mvi za ndevu na kitambi cha kukaa mezani kuandika, aliyelelewa chuoni mbele ya ubao na bakora ya mwalimu, anatafuta nini juu ya baiskeli katika vilima vya Embu? Jawabu lake si fupi, nami naomba nipewe nafasi nilieleze, kwani ndani yake mna deni nililokuwa nikidaiwa kwa muda wa miaka 30 hivi.

Mchezo wenyewe huitwa triathloni. Mtu huogelea, akitoka majini hupanda baiskeli, na akishuka baiskeli hukimbia, bila ya kupumzika baina ya hayo matatu. Kwa namna tunayoijua leo, ulianza kuchezwa San Diego, Marekani, tarehe 25 Septemba 1974. Miongoni mwa walioshiriki siku hiyo alikuwamo mwanamaji mmoja aitwaye John Collins, pamoja na mkewe Judy. Na ni hao hao wawili waliobuni yale mashindano makubwa ya Hawaii ya Februari 1978, baada ya watu kubishana ni nani mwenye siha zaidi: mwogeleaji, mpanda baiskeli, au mkimbiaji. Wanaume 15 walianza siku ile, na 12 wakamaliza: kilomita 3.8 za kuogelea, 180 za baiskeli, na 42 za mbio. Katika Michezo ya Olimpiki mchezo huu uliingia Sydney mwaka 2000, kwa mwendo mfupi zaidi: kilomita moja na nusu majini, 40 kwa baiskeli, na 10 kwa miguu. Na katika ile michezo ya Tokyo iliyofanyika 2021 yakaongezwa mashindano ya kupokezana, wanaume wawili na wanawake wawili katika timu moja.

Nimeyataja haya si kwa kujionyesha mjuzi, bali msomaji aone kwamba tangu mwanzo wake mchezo huu ulikuwa na mume na mke ndani yake. Sisi tulikata nusu ya ule wa Olimpiki: mita 750 majini, kilomita 20 kwa baiskeli, na 5 kwa miguu. Kwa watu wa umri wetu hiyo yatosha.

Sasa nije kwenye deni.

Mimi nilijua kuogelea kabla sijajua kusoma Juzuu Amma hadi mwisho. Tukitoka chuoni alasiri, sisi wavulana tulikuwa tukienda moja kwa moja ngazini kunako maji, tukavua kanzu, tukajitupa. Hakuna aliyetufunza, kaka alimsukuma mdogo wake, na mdogo akajua. Dada zetu walikuja pamoja nasi mpaka kwenye ngazi, wakasimama hapo wakitushikia kofia na kanzu zisirowe. Hayo ndiyo yaliyokuwa mafunzo yao ya bahari. Wala haikunipitia akilini hata siku moja kuuliza kwa nini wao wanasimama na sisi tunaogelea.

Nilipooa, tulikuwa hatujatimiza mwaka ilipopinduka feri ya Mtongwe, tarehe 29 Aprili 1994, wakafa watu 272, karibu kabisa na nchi kavu. Mji mzima ukawa matanga. Usiku mmoja, baada ya kurudi kuhani, mke wangu aliniambia, "Bwana, nifunze kuogelea." Nikacheka. Nikamwambia mwanamke wa heshima haogelei, na watu watasema nini? Akanyamaza, kwani amelelewa vyema, nami nikauhesabu ule unyamavu wake kuwa ameridhika.

Mwaka 1998, siku ya Idd, tuliwapeleka watoto pwani kama ilivyo ada. Maji yalikuwa yametoka, na mwanangu wa kiume, mtoto wa miaka mitatu na nusu, akaenda na wenzake mpaka kwenye fungu la mchanga. Mimi nikavuka barabara kwenda msikitini kusali alasiri. Huku nyuma maji yakaanza kujaa, na kama mjuavyo, bahari hulizunguka fungu kwa nyuma kabla ya kulifunika. Wale wakubwa wakarudi mbio. Mwanangu akabaki, na mkondo ukapita baina yake na mamake. Alikuwa mbali naye kiasi cha kusikia sauti yake. Mke wangu aliingia majini na buibui lake mpaka kifuani, na hapo akasimama, kwa kuwa hakujua la kufanya zaidi. Aliyemwokoa mtoto ni kijana mmoja mvuvi aliyekuwa akipita na hori lake, Mungu amlipe kheri, ambaye mpaka leo jina lake hatulijui.

Niliporudi kutoka msikitini nilimkuta mke wangu ameketi mchangani, amerowa, amempakata mtoto, halii wala hasemi. Hakunilaumu siku ile wala miaka iliyofuata. Lakini nakiri mbele yenu, tangu siku hiyo nilikuwa nikijua kwamba nadaiwa.

Miaka miwili iliyopita tabibu alimkuta na sukari, akamwambia atembee. Akawa akitoka baada ya sala ya Alfajiri, akitembea ufuoni, nami nikifuatana naye. Siku moja alisimama, akaitazama bahari, akasema, "Watoto wamekua, nami karibu nitakuwa nyanya. Sasa siulizi watu watasema nini. Nakuuliza wewe, utanifunza au hutanifunza?" Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo yaoge. Nikamfunza.

Tulimwendea fundi wa nguo, akamshonea vazi la kuogelea lenye mikono mirefu, suruali, kanzu fupi juu yake na kitambaa cha kichwa, vyote vya kitambaa kisichoshika mwili. Mavazi ya namna hii si mageni. Mwanamke mmoja Mwislamu wa Australia, Aheda Zanetti, aliyabuni mwaka 2004. Wala sisi hatukuwa wa kwanza katika pwani hii. Kule Nungwi, Unguja, mradi wa Panje umewafunza mabinti kuogelea wakiwa wamejisitiri, na picha zao zilizopigwa na Anna Boyiazis zikapata tuzo ya World Press Photo mwaka 2018. Mke wangu alichukua miezi minne mpaka kuelea bila ya kunishika bega. Siku alipovuka peke yake kutoka jiwe mpaka jiwe, alitoka majini akasali rakaa mbili.

Ama kuhusu Meru na Embu, sababu ni sahibu yangu mmoja tuliyefanya naye kazi Nairobi zamani, katika chumba kimoja cha habari. Yeye ni mtu wa Nkubu, na baada ya kustaafu amerejea kwao kulima chai na kukimbia. Amekwisha kukimbia nusu marathoni mara kadhaa katika zile mbio za Lewa, zilizoanza mwaka 2000 katika hifadhi ya wanyama iliyo kwenye kaunti hiyo hiyo ya Meru. Nilipomsimulia kwa simu kuwa shemeji yake sasa anaogelea, alinyamaza kidogo kisha akasema, "Malenga, sisi huku tuna miguu, nyinyi huko mna maji. Njooni tubadilishane." Yeye na mkewe, na rafiki yao mwalimu mstaafu wa Embu na mkewe, walikuwa wamekwisha kununua baiskeli, na walitamani sana triathloni. Kilichowashinda ni kwamba katika wote wanne hapakuwa na hata mmoja awezaye kuelea.

Basi tukapanda gari. Tulipita Nairobi, Thika, tukaingia Mwea ambako hutoka ule mchele wa pishori tunaoupikia pilau, kisha Embu, na mbele ya Embu tukaendelea kuuzunguka Mlima Kenya kwa upande wa mashariki: Runyenjes, Chuka, Chogoria, mpaka Nkubu. Kabla ya kufika Chogoria utateremka bonde la Mto Nithi. Hapo mke wangu aliomba gari lisimame juu kidogo, tukasoma Fatiha. Julai 2022 basi lililotoka Meru kwenda Mombasa liliporomoka katika daraja hilo, wakafa watu zaidi ya 30, na katika abiria wake walikuwamo waliotarajiwa majumbani kwetu jioni ile. Kwa ajili ya bonde hilo, na malori ya barabara hiyo, tulikataa shauri la vijana wa huko waliotaka tupande baiskeli kutoka Embu mpaka Meru.

Tulikaa Nkubu wiki mbili. Usiku ni baridi, na asubuhi mlima, wenye kimo cha mita 5,199, huonekana kama ulioletwa hapo usiku ule ule. Kila siku baada ya Alfajiri tulikimbia polepole, na mara nyingi tulikwenda mpaka pale penye kibao cha mstari wa Ikweta, kabla ya kufika mji wa Meru. Mguu mmoja kusini ya dunia na mguu mwingine kaskazini, na mimi katikati nikitweta. Hewa ya huko ni nyepesi, na mtu wa bahari hujiona kama anayevuta pumzi kwa tundu la sindano. Sahibu yangu alikuwa akinizunguka kama mbuzi, akinihimiza, "Polepole, Malenga, usishindane na kilima; kilima hakichoki."

Mke wangu hakupata kupanda baiskeli maishani mwake. Wake wa marafiki zetu walimfunza katika uwanja wa shule baada ya watoto kutawanyika. Alianguka mara tatu siku ya kwanza, mara mbili siku ya pili, na siku ya nne akazunguka uwanja mzima huku leso yake ikipepea nyuma kama tanga la jahazi. Nilitazama nikiwa nyuma ya ukuta, maana alinikataza nisimwangalie.

Jioni mambo yaligeuka. Tulikwenda kwenye bwawa la kuogelea la hoteli moja mjini, tukalikodi kwa saa mbili, saa ya kwanza ya wanawake na saa ya pili ya wanaume. Mimi nikawafunza wale mabwana wawili, ambao waliyashika maji kama mtu ashikavyo paka mkali. Na ndani ya ile saa ya wanawake aliyekuwa mwalimu ni nani? Ni yule aliyesimama mchangani mwaka 1998. Nilikaa nje ya ukuta nikimsikia anavyowaambia wenzake, "Usiyapige maji, yalalie. Maji hayana haja nawe." Maneno hayo nilimwambia mimi. Sikujua kuwa aliyahifadhi.

Mwalimu wa Embu alituchukua siku moja kutazama Mto Tana ulivyofungwa kwa mabwawa ya umeme, Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Tulisimama juu ya ukingo, akasema, "Maji haya yanatoka mlimani kwetu, na yanamwagika kwenu." Kweli, ni maji hayo hayo yapitayo kwa Wapokomo na kuingia baharini karibu na Kipini. Kisha akatueleza kwamba katika mabwawa mna mamba na viboko, na mwenye akili haingii. Lakini mitoni na katika mashimo ya machimbo yaliyojaa mvua watoto huingia, na baadhi yao hawatoki. Alipata kumzika mwanafunzi wake wa namna hiyo. "Alikuwa wa kwanza katika mbio shule nzima," akasema. Nchi hii imempata Eliud Kipchoge, ambaye Oktoba 2019 kule Vienna alikimbia marathoni kwa saa 1 dakika 59 na sekunde 40; na mwogeleaji wa kwanza wa Kenya kufika fainali ya Olimpiki, Jason Dunford, tulimpata Beijing mwaka 2008. Lakini mtoto wa mlimani hajui maji, na binti wa ufuoni hajui maji. Mmoja kwa kuwa bahari iko mbali, mwingine kwa kuwa sisi tumeiweka mbali.

Siku ya mashindano tulikuwa Embu, watu sita tu, wanaume watatu na wake zao watatu. Hapakuwa na kikombe wala tarumbeta. Wanawake waliogelea saa moja asubuhi, mabinti wa Mwalimu wakihesabu muda na kulinda mlango; sisi tukaingia saa mbili. Mimi nilikwenda zile mita 750 kwa dakika 21, mke wangu kwa dakika 34. Wenyeji wetu waliogelea wakishika ukingo kila walipochoka, na hakuna aliyewadhihaki. Kisha saa tatu na nusu tukakutana barabarani na baiskeli zetu, tukaondoka mmoja mmoja kwa kadiri ya tofauti ya muda wa majini. Kwa hivyo mimi nilitangulia kumi na tatu zima mbele ya mke wangu, na moyoni mwangu nilikwisha kushinda.

Barabara tuliyoichagua ni ile ya Manyatta kuelekea Kianjokoma. Mwanzo wake ni kahawa na migomba na makadamia, na kadiri unavyopanda ndivyo chai inavyoingia na baridi ikakupokea. Najua sasa maana ya kilima kisichochoka. Kilomita ya tano nilikuwa nikiimba. Ya kumi nikanyamaza. Ya kumi na tano nikashuka nikaisukuma baiskeli, na mtoto mdogo aliyebeba mtungi wa maziwa akanipita kwa miguu akanisalimu kwa heshima. Sahibu yangu wa Nkubu alinipita naye, akasema, "Pole, Malenga," na pole ile ilinichoma kuliko kicheko.

Niliposhuka kwenye baiskeli na kuanza zile kilomita 5 za mwisho, paja la kulia likakaza. Nikawa nachechemea. Kiasi cha kilomita ya tatu nikasikia nyayo nyuma yangu, na sauti ya mtu anayesoma dhikri kwa pumzi za kukatika. Sikuhitaji kugeuka. Alinifikia, akaniangalia, akauliza, "U mzima?" Nikasema, "Mzima. Nenda." Akenda. Nilimtazama mpaka alipopotea kwenye kona ya chai, mwanamke wa miaka 52, mwenye sukari, amevaa hijabu na viatu vya mazoezi vya bintiye.

Nilipofika mwisho nilimkuta amekaa chini ya mti, leso mabegani, anakunywa maji. Akanipa chupa, akaniambia, "Bwana, hii kwa ile."

Mwenye kusoma hadithi atajua neno hilo lilikotoka. Imepokewa na Abu Daud kutoka kwa Bibi Aisha, Mungu awe radhi naye, kwamba alikuwa safarini na Mtume, rehema na amani zimshukie, wakashindana mbio kwa miguu, na Bibi Aisha akamshinda. Baadaye, alipokwisha kunenepa, walishindana tena, na mara hii Mtume akamshinda, akamwambia kwamba ushindi huu ni badala ya ule. Na katika riwaya nyingine imesemwa kwamba kabla ya kushindana aliwaamuru watu watangulie mbele. Hadithi hii niliisoma kijana, nikaicheka kwa furaha, nikaipitia. Haikunijia kwamba ina amri ndani yake kwa mtu kama mimi.

Nikadhani mke wangu anafanya maskhara ya elimu. Nikamjibu, "Lakini katika hadithi aliyenenepa ndiye aliyeshindwa," nikajishika kitambi, sote tukacheka. Kisha akauliza kwa upole, "Wajua ile ni ipi?" Nikanyamaza. Akasema, "Ile ya Idd." Hakuongeza neno, wala mimi sikuwa na la kuongeza. Tulikaa hapo mpaka Mwalimu na mkewe, walioshikana mikono hatua za mwisho, walipofika.

Sasa nataka kusema nilichokuja kusema. Sisi watu wa Pwani tuna heshima, na heshima ni kitu kizuri; sitaki mtu aniambie kuwa nimerudi bara nimeiacha huko. Lakini tumefanya kosa la kuilinda heshima hiyo kwa kuwanyima wanawake wetu ujuzi. Kumsitiri mwanamke ni jambo moja, na kumwacha asijue kujiokoa wala kumwokoa mwanawe ni jambo jingine, na hayo mawili tumeyachanganya mpaka tumeyaona ni kitu kimoja. Wananasibisha kwa Sayyidna Umar maneno ya kuwahimiza wazazi wawafunze watoto wao kuogelea, kulenga shabaha na kupanda farasi. Neno lililotumika hapo ni "aulad". Na kila aliyekaa chuoni ajua kwamba katika Sura ya Nisaa, pale penye mirathi, Mwenyezi Mungu ametaja "aulad" kisha akawagawa, wa kiume na wa kike. Tukifika kwenye urithi twajua vizuri sana kuwa binti yumo ndani ya neno hilo. Tukifika baharini twasahau.

Wako watakaosema haya ni mambo ya kizungu, watu kujichosha bure juani. Nawajibu kwamba sukari na shinikizo la damu havikuuliza kabila vilipoingia majumbani mwetu, na tabibu amemwambia bibi atembee, lakini barabara zetu na maneno yetu yamemwambia akae. Wako watakaosema mume atavunjika hadhi akishindwa na mkewe. Nawajibu kuwa mbora wa viumbe alishindwa na mkewe, na hadhi yake ikabaki. Na Kipchoge yule wa Vienna hakukimbia peke yake. Walimzunguka wenziwe 41 wakimkinga upepo kwa zamu. Ikiwa mkimbiaji kama huyo alihitaji wenzake, mwanamke mmoja wa Mombasa mwenye sukari atafanyaje peke yake?

Sidai makubwa. Nadai kila penye bwawa la kuogelea la umma pawe na saa za wanawake, na mwalimu wao awe mwanamke. Kamati za madrasa zetu, likizo zikija, ziwapangie mabinti masomo ya maji kama zinavyowapangia mashindano ya kusoma Kurani. Tuwaandikie marafiki zetu wa Meru na Embu watuletee watoto wao tuwafunze bahari, nasi tuwapelekee wetu wafunzwe vilima. Huenda tukapata kuzungumza nao jambo jingine lisilo la gunia. Na zaidi ya yote, kila mume amuulize mkewe swali moja leo usiku: unajua kuogelea? Akijibu hapana, basi deni lake na alianze kulilipa kabla ya kukumbushwa kwa mbio.

Katika gari, tukirejea, niliandika ubeti huu nikampa ausome:

Nilimwacha ufuoni, nikaoga peke yangu,
Nikadhani ni imani, kumfunga mke wangu,
Leo yumo safarini, kaupita mwendo wangu,
Namshukuru Manani, kanirudi kosa langu.

Aliusoma mara mbili, akaukunja, akautia katika mkoba wake, akasema vina vyake si vibaya.

Tangu turudi, kila asubuhi baada ya Alfajiri, jirani zetu watano hufuatana naye kwenda majini, wawili kati yao wakiwa na wajukuu. Mimi hukaa juu ya ngazi, nimeyapa maji mgongo, natazama njia asije mtu. Mapajani mwangu huwa nimepakata leso zao na viatu vyao, visirowe.